Gia za Mkono au Otomatiki? Mguu Wangu wa Kushoto Una la Kusema

Gari lilizima nikiwa nimebakiza kama urefu wa magari mawili kufika juu. Ukiutazama kutoka chini, mwinuko wenyewe haukuwa wa kutisha: mawe yaliyolegea, mfereji uliochimbwa na mvua upande wa kushoto, kona ndogo karibu na kilele. Niliingia na gia namba mbili kwa sababu nilijiona najua. Katikati injini ikaanza kulemewa, nikaona nipangue niingize namba moja. Klachi chini. Katika ile nusu sekunde ambayo magurudumu hayakuwa na wa kuyasukuma, gari likasimama, nami nikaachia klachi kwa pupa. Likaruka kama mbuzi, mara moja, mara mbili, likazima.

Kilichofuata ni aibu tupu. Nilikanyaga klachi nikawasha, halikuwaka, na kwa kuwa klachi ilikuwa chini, hakukuwa tena na kitu cha kulishika gari isipokuwa breki. Nikakanyaga breki, nikaachia kidogo, nikakanyaga tena. Injini ikiwa imezima, breki huwa na akiba ya msaada ya kukanyaga mara mbili tatu hivi. Baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama umekanyaga jiwe. Mimi akiba niliimaliza nikiwa bado nahangaika na ufunguo. Gari likarudi kinyumenyume, likakata kushoto, gurudumu la nyuma likaingia mferejini na bampa ikalala kwenye kisiki. Kile kisiki nakishukuru mpaka leo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama kwa njia mbaya bora gari la gia za mkono au otomatiki, mguu wangu wa kushoto hujibu kabla ya mdomo. Hutetemeka.

Lakini jibu la mguu si jibu langu. Nimeendesha gia za mkono porini miaka mingi, kisha nikahamia otomatiki, na lile gari la zamani bado ninalo. Nimekwama na yote mawili. Vijiweni watu hubishana kuhusu nguvu, na kuhusu nani dereva wa kweli na nani wa kubahatisha. Mimi naona tofauti kubwa iko kwingine kabisa. Gari la gia za mkono hukwambia kosa lako papo hapo, tena kwa kelele, mbele ya watu. Otomatiki hulimeza kosa, ikaliweka, ikaongeza na la kesho, na siku moja ikakuletea yote kwa mkupuo.

Klachi ni sahani yenye kitambaa cha msuguano, inabanwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Ama imeshika ama imeachia. Pale katikati, tunapopaita nusu klachi, inajisaga. Kwenye lami nusu klachi ni sekunde moja ya kuondoka. Kwenye mawe unaweza kujikuta umehamia humo: unapanda jiwe, unasita, unasogea kidole kimoja, unasita tena, na kila kusita ni kitambaa kinachopungua. Harufu yake ikifika puani, huwezi kuichanganya na nyingine. Ukiinusa, dereva wa nyuma yako ameinusa pia na anajua ni ya nani.

Otomatiki ya kawaida haina sahani hiyo kati ya injini na giaboksi. Ina mafuta. Mafundi huita chombo hicho tokonvata. Watu hupenda kukieleza kwa mfano wa feni mbili zinazotazamana: washa moja, upepo wake utaizungusha ya pili. Mfano si mbaya ila umeacha lililo tamu. Kati ya zile feni mbili kuna gurudumu la tatu lililosimama, kazi yake kuyageuza mafuta yanaporudi ili yasaidie badala ya kupinga. Matokeo yake ni kwamba gari likiwa limesimama na injini inasukuma, nguvu ya mzunguko inayotoka upande wa pili ni karibu mara mbili ya iliyoingia. Yaani umepewa gia ya ziada ambayo haimo kwenye hesabu ya giaboksi, na inajiondoa yenyewe gari likishachanganya.

Aliyebuni jambo hilo hakuwa na gari kichwani. Ni mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka 1905 akiwa anashughulika na meli: taabini za mvuke zilizunguka kasi mno, pangaboi ilitaka polepole. Na wale wanaosema otomatiki ni ya mjini, ya kwendea ofisini, naomba wakumbuke kifaru chepesi cha M5 cha Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Kilisukumwa na injini mbili za Cadillac za V8, kila moja na giaboksi ya otomatiki aina ya Hydra-Matic, ileile ambayo General Motors ilianza kuiuza kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Otomatiki ilishaingia topeni, tena imevaa deraya, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kwenye mawe ndiko nilikoanza kubadili mawazo. Chukua jiwe moja tu, lenye kimo cha goti, limekaa mbele ya tairi la kulia kama ngazi. Kwenye gia za mkono nina nafasi mbili: nikienda taratibu mno, injini inazima, nikiongeza moto ili isizime, tairi likishapanda gari linaruka mbele na kuangukia upande wa pili kwa kishindo, na pale chini ndipo difu na tangi la mafuta vinapokaa. Kwenye otomatiki naegemeza tairi kwenye jiwe, mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia kwenye mafuta. Naongeza mafuta huku breki imeshika. Gari linajikaza, pua inainuka kidogo. Nalegeza breki kwa unene wa karatasi. Tairi linapanda, linafika juu, linasita pale juu, na kabla halijaanguka breki imeshalidaka. Hakuna kishindo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilicheka peke yangu ndani ya gari. Kisha nikaona uchungu kidogo, nikikumbuka miaka niliyotumia kujifunza kufanya jambo hilohilo kwa klachi na kisigino.

Hapa mpenzi wa gia za mkono atanyanyua kidole na kutaja hesabu, na hesabu zake ni za kweli. Jeep Wrangler Rubicon ya kizazi kilichoanza na modeli ya 2018, ukiiweka 4L (magurudumu yote manne kwenye gia nzito za transfa, kiboksi kinachogawa nguvu mbele na nyuma) na gia ya kwanza ya mkono, injini inazunguka kama mara 84 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ya otomatiki ni mara 77. Ford Bronco iliyorudi mwaka 2021 imeenda mbali zaidi: giaboksi ya mkono ina gia maalumu ya kutambaa chini ya ile ya kwanza, na ikifungwa difu zenye uwiano mfupi kuliko zote inafika karibu 95 kwa moja, wakati otomatiki yake yenye gia 10 inaishia kama 68. Tafsiri ya namba hizo kwa lugha ya tairi ni hii: injini ikilala kwenye mizunguko 700 kwa dakika, uwiano wa 84, tairi lenye mzingo wa mita 2.6 hivi, gari linakwenda kilomita 1.3 kwa saa. Ukishuka ukatembea unalipita.

Kwa namba hizo mkono unaonekana umeshinda, lakini ile tokonvata haijahesabiwa. Wakati wa kuondoka, 77 ya otomatiki inakaribia kuwa mara mbili yake, kwa hiyo mlimani otomatiki ina nguvu kuliko karatasi inavyosema. Kwenye mteremko ni kinyume. Kule mafuta ya tokonvata hayaongezi chochote, yanateleza tu, na karatasi inarudi kusema kweli. Ndiyo maana mtu mmoja hutoka porini akiapa kwa otomatiki na mwenzake akiilaani, na wote wawili wako sahihi: mmoja alikuwa anapanda, mwingine anashuka.

Na nikiwa bado kwenye namba, niseme jambo ambalo ningependa ningeambiwa mapema. Kabla hujabishana kuhusu giaboksi, uliza kama gari lina 4L. Gari lisilo na gia hizo nzito za transfa, gia ya kwanza yenye uwiano wa 15 au 16 kwa jumla, likienda polepole kuliko yote bila kukanyaga chochote bado linakwenda kilomita sita au saba hivi kwa saa. Kwenye mawe sita ni mbio. Kwa klachi utalisaga, kwa otomatiki utalichemsha. Kati ya otomatiki yenye 4L na gia za mkono zisizo na 4L, na hata ukizigeuza, chukua yenye 4L. Hilo halihitaji kikao.

Mchanga ni habari nyingine, na kwangu ndiko otomatiki inakoshinda bila ubishi. Mchanga hautaki nguvu kama unavyotaka mwendo usiokatika. Ukiwa na gia za mkono, kila ukibadilisha gia unakata nguvu kwa kitambo, na mchanga hausubiri. Unalidaka gari kama mtu aliyekuwa akikuvizia. Wakongwe wanajua dawa yake, kuchagua gia moja tangu mwanzo na kuishikilia, injini ilie inavyotaka. Otomatiki inabadilisha bila kuachia. (Upepo wa matairi ndio unaoamua zaidi ya yote hayo. Ukitoka na psi 35 za lami ukaingia mchanga laini bila kushuka hadi 15 au 18, giaboksi yoyote itakutia aibu.)

Ila ni mchangani pia ndiko nilikoona otomatiki ikimeza kosa. Mwenzangu alikuwa mbele yangu, otomatiki, amepakia hadi juu ya paa. Alikuwa kwenye 4H, yaani magurudumu manne bila zile gia nzito, lever kwenye D, mguu umelala kwenye mafuta. Nilikuwa nasikia injini yake ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, giaboksi haijui ikae namba mbili au tatu. Yeye ndani alikuwa anasikia muziki. Gari lilikuwa linakwenda vizuri, kwa nini ajisumbue? Dakika ishirini baadaye taa ya joto la giaboksi ikawaka. Akasimama, akataka kuzima injini kabisa. Nikamwambia kaka, acha, weka P, iache iunguruke, kwa sababu injini ikizima pampu inazima nayo, na mafuta yaliyoiva yanabaki yamekaa palepale badala ya kupita kwenye rejeta yapoe. Tulipovuta kijiti cha kupimia na kupangusa kwenye karatasi nyeupe, mafuta ambayo hutakiwa kuwa mekundu na mangavu yalikuwa na rangi ya udongo, na yananuka kama waya uliounguzwa.

Mafuta ya otomatiki hufanya kazi kwa raha kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Yakivuka 120 yanaanza kuchoka, na kila nyuzi unazoongeza juu ya hapo unakata umri wake kwa shoka. Kinachoyachemsha ni ile tokonvata inapoteleza bila kufunga, yaani bila feni zake mbili kushikana zikazunguka pamoja: nguvu inaingia nyingi, mwendo unatoka kidogo, tofauti yake inageuka joto. Angeweka 4L na kuifunga giaboksi kwenye gia moja, joto lile lisingefika. Hakuna aliyemwambia, gari halikumtikisa, halikumzimikia, halikumnukia. Alivuka mchanga wote, akapiga picha. Miezi michache baadaye giaboksi ikaanza kuteleza ikiingia gia ya tatu, na fundi alipofungua sinia ya chini akakuta vumbi la sahani za msuguano limetuama kama tope. Kwa klachi, kosa la namna hiyo lingenuka ndani ya dakika tano na ungeacha.

Kwenye mteremko nakuwa mtu wa zamani. Sijaona kitu kinachonipa utulivu kama 4L, gia namba moja ya mkono, na miguu yote miwili sakafuni. Gari linashuka lenyewe, linanguruma, linajizuia, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Sheria ni moja: usiguse klachi. Ukiikanyaga tu umelikata gari kutoka kwenye injini, na utaona mteremko ulivyokuwa mkali kweli. Mkia ukianza kuteleza, unaongeza mafuta kidogo ili magurudumu yazunguke sawa na mwendo wa gari, jambo ambalo mwili wote unalikataa mara ya kwanza.

Otomatiki za zamani, zile za gia nne, hapo zilikuwa dhaifu. Ukiachia mafuta tokonvata inalegea, gari linateleza mbele kama limekatiwa kamba, nawe unabaki kukanyaga breki hadi zinukie. Lazima uishushe lever mwenyewe mpaka L au 1, na bado uisaidie kwa breki kidogokidogo. Za sasa zimebadilika sana: zina gia ya kwanza fupi, zinaweza kufunga tokonvata mapema, na nyingi zina mtambo wa kushuka taratibu ambao kompyuta inabana breki za kila gurudumu peke yake. Mtambo huo Land Rover iliuleta mwaka 1997 kwenye Freelander, gari ambalo halikuwa na gia nzito za transfa kabisa, kwa hiyo ilibidi kompyuta ifanye kazi ya gia isiyokuwepo. Unafanya kazi vizuri, nakiri. Lakini unakoroma na kugonga chini ya miguu kama kuna mtu anapiga nyundo kwenye chesisi, na mwisho wa yote kinachokuzuia bado ni breki. Mteremko ukiwa mrefu, breki zinapata moto.

Turudi kwenye ule mlima wa mwanzo, maana kuna dawa na sikuijua. Gari la gia za mkono likizima kwenye mwinuko, halijakuacha. Bado limo kwenye gia na mgandamizo wa injini unalishika. Kosa langu lilikuwa kukanyaga klachi huku nikichezea breki. Kinachotakiwa ni breki ya mguu hadi mwisho na handibreki juu. Ndipo ukanyage klachi mara moja tu, uingize rivasi, uachie klachi yote, mguu wa kushoto urudi sakafuni. Usukani unyooke. Achia handibreki, legeza breki taratibu mpaka gari likae kwenye gia. Kisha washa, ukiwa kwenye gia hivyohivyo. Stata inalisogeza nyuma, injini inashika, gari linashuka kinyumenyume kwa mwendo wa kutambaa bila wewe kugusa pedeli yoyote. Magari mengi ya miaka hii hayawaki mpaka klachi iwe chini, kwa hiyo mbinu hiyo inakufa nayo. Baadhi ya Toyota ziliwekewa kitufe cha kuondoa sharti hilo, na ukikikuta kwenye dashibodi ujue waliolitengeneza walishawahi kuzimikiwa mlimani.

Kwenye otomatiki mbinu yote hiyo haina kazi. Gari halizimi. Ukishindwa kupanda unakanyaga breki, unaweka R, unashuka. Sioni haja ya kuongeza neno hapo.

Maji: kwa gia za mkono chagua gia kabla hujaingia na usiguse klachi mpaka utoke, kwani maji yakiingia kati ya sahani na flaiwili klachi inateleza katikati ya mto, mahali pabaya pa kufikiria. Otomatiki haina tatizo hilo. Ina lingine. Giaboksi yenye moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ndani yake inasinyaa na kufyonza maji kupitia sili au bomba la kupumulia, na mafuta yanageuka rangi ya waridi yenye utando kama maziwa. Sahani zake za ndani hazivumilii maji hata kidogo. Simama ng'ambo hii kwanza, pumzika, acha vyuma vipoe. Difu zako nazo zitakushukuru, maana zinafyonza vilevile.

Betri ikifa, gari la mkono utalisukuma au kuliachia mteremkoni, ukaachia klachi kwenye namba mbili, likawaka. Otomatiki za kawaida haziwaki hivyo; bila injini pampu haina presha, na bila presha hakuna kinachoshika. Wengi hulitaja hili kama hoja ya kumaliza mjadala. Mimi naona vifaa vya kuamshia betri siku hizi vinaenea kwenye kasha la viatu, na anayekwenda mbali bila kimoja atakuwa amesahau mengine pia. Kuvutwa ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Otomatiki ikivutwa umbali mrefu magurudumu yakiwa chini na injini imezima, inazunguka bila kulainishwa. Kama gari lina transfa yenye frii, iweke huko ndipo uvutwe, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Na hapa kuna mtego ambao nimeuona kwa macho: transfa ikiwa frii, P haishiki kitu. Lever iko P, dereva ameshuka kufunga mnyororo, amejiaminisha, na gari lote linaanza kuondoka polepole bila mtu. Gia ya kwanza ya mkono nayo haitashika, kwa sababu ileile. Weka kigingi nyuma ya tairi kabla hujafanya chochote.

Ukisikia otomatiki, uliza pia otomatiki ya namna gani. Ya mkanda, ile isiyo na hatua za gia, na ya klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta, zote huitwa otomatiki dukani. Ya mkanda hutegemea mkanda usiteleze kwenye puli, na kwenye mwinuko mrefu wa polepole hupata joto na kuanza kujipunguzia nguvu. Ya klachi mbili inafanya nusu klachi kama sisi, tofauti ni kwamba wewe huinusi. Kwa mawe na mchanga mzito zote mbili siziamini. Zipo njia za vumbi nyingi zinazozifaa.

Watengenezaji wao wameshaamua, tupende tusipende. Land Rover Defender ya zamani, iliyokoma kutengenezwa Januari 2016, karibu zote zilikuwa za mkono. Mpya iliyoingia sokoni mwaka 2020 huipati ila kwa otomatiki ya gia nane. Toyota Land Cruiser mfululizo wa 70, gari la watu wasiotaka mzaha, lilijulikana miaka mingi kwa gia tano za mkono, na mwaka 2023 likaletwa na otomatiki ya gia sita kwa injini ya dizeli ya lita 2.8. Suzuki Jimny bado inakuachia uchague: tano za mkono au nne za otomatiki. Na kwenye Jimny mimi ningechukua za mkono, kwa sababu gari ni jepesi, injini ni ndogo, na otomatiki ya gia nne inaifanya ionekane imechoka kabla ya safari.

Kwingine? Ukiwa mgeni wa porini, unabeba watu, unatarajia mchanga na mawe, chukua otomatiki yenye 4L, halafu ufunge kipimo cha joto la giaboksi mahali unapokiona. Kipimo hicho ndiyo pua ambayo gari halikupewa. Ukiwa unashuka milima zaidi ya kupanda, au unakwenda mahali ambapo utakayekutana naye ana spana tu na si kompyuta, mkono bado una heshima yake: klachi pleti iliyoisha hubadilishwa chini ya mwembe, giaboksi ikiwa imening'inizwa kwa kamba. Otomatiki iliyokufa hupandishwa kwenye lori.

Kila siku naendesha otomatiki. Nikifika juu ya mteremko, mguu wa kushoto bado hutafuta kitu cha kukaa juu yake, ukakuta sakafu.

Wiki chache zilizopita mpwa wangu alitaka kujifunza, nikampeleka na lile gari la zamani kwenye mwinuko wenye mawe, si ule wa kisiki ila wa ukoo mmoja. Aliingia na namba mbili. Nilimwona, nikanyamaza. Theluthi mbili ya njia injini ikaanza kulemewa, akapangua, akachelewa, likaruka mara mbili, likazima. Vijiwe vikabiringika nyuma yetu.

"Mjomba, limezima."

"Breki?"

"Nimekanyaga."

"Handibreki. Sasa klachi, rivasi, achia klachi yote. Mguu wa kushoto uko wapi?"

Akatazama chini kama anayehesabu. "Sakafuni."

"Legeza breki. Washa."

Stata ikalia kwa taabu, gari likasogea nyuma shubiri moja, likakohoa, likashika. Tukashuka kinyumenyume, polepole, yeye ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili na macho kwenye kioo. Tulipofika chini hakushuka wala hakunitazama. Akaingiza namba moja.